Sahani ya Pili

Gari likitoka Japani linafika Moshi
na redio isiyousikia mji:
masafa yake yanakoma tisini,
na vituo vyetu vinaanzia hapo inapokoma.
Hiyo ndiyo kazi yangu, hapa Majengo.
Nafungua dashibodi, nachomeka kidude cha elfu kumi na tano,
mwenye gari anapata matangazo ya vifo, anashukuru, anaondoka.

Ila kabla ya bisibisi natia mkono kwenye droo.
Siibi. Nauliza, "Hii unaihitaji?"
Wanaigeuzageuza, wanaona maandishi kama kuku kachakura,
wanacheka: "Kaitundike shambani, fundi, ifukuze ndege."

Nyingi kweli zinaishia shambani.
Za gemu nabaki nazo. Nazijua hata kabla ya picha:
wimbo unazunguka mara mbili, uleule,
kisha unafifia kama mgeni anayeaga
huku bado anaongea njiani.
Ninazo kumi na saba, ndani ya kreti la soda juu ya kabati.
Tatu bado zina ukanda wa karatasi kiunoni,
zimejifunga kibwebwe tangu kiwandani.
Mtalii aliyeleta simu yake ichomelewe
aliziona, akashika kichwa: moja tu, alisema, ni bei ya ng'ombe.
Kosa langu ni kumsimulia Ndeonasia.
"Wa maziwa?" aliuliza. Hadi leo
akipika chai ya rangi ananitazama.

Lakini mimi natafuta moja.

Kiborloni, nyuma ya marobota ya mitumba,
Apaikunda alikuwa na banda, runinga moja, mashine moja,
shilingi mia kwa dakika kumi, na saa ya ukutani
iliyokwenda mbio kila alipodaiwa ada.
Tulicheza ile ya kijana na kobe wake. Hakuna aliyevuka hatua ya nane.
Isipokuwa kaka yangu Elisaria,
Jumanne moja ya mvua, peke yake, bila shahidi.
"Ya tisa ni mji chini ya maji," alisema,
"na muziki wake ni huu,"
akaupiga mluzi kwenye pengo la jino,
usiku ule, na usiku uliofuata, ndani ya neti,
hadi nilipomwita mwongo mbele ya watu
akaacha.

Elisaria alishuka Mererani mwaka wa mvua kubwa.
Hajapanda.

Mwezi wa nne ikaja Noah ya kijivu, ya mwalimu mmoja wa Rau.
Kwenye droo: leso, risiti ya mafuta, na kobe.
Sikumuuliza mwalimu kwa sauti yangu ya kawaida.
Usiku nikazima taa, nikasikiliza.
Soko la theluji. Daraja la nyuki. Vidole gumba vyangu
vilicheza vyenyewe juu ya blanketi.
Hatua ya sita, pale mia yangu ilipokuwa ikiishia kila mara,
nilikaza mwili nikisubiri Apaikunda anigonge bega.
Ya saba. Ya nane. Kimya.
Kasha lina vitanda viwili.
Kimoja kitupu, duara na vijino vyake katikati.

Kwa hiyo bado sijui.
Labda alifika. Labda aliutunga mwenyewe,
chini ya neti, mtoto wa miaka kumi na moja,
na mimi ndiye nakala pekee iliyobaki,
yenye mikwaruzo.

Leo asubuhi imefika Vitz nyeupe,
chaki ya bandarini bado kiooni.
Mwenyewe ana haraka, anataka redio tu.
Natia mkono kwenye droo, taratibu, hadi mwisho, hadi kwenye kapeti,
na ule mluzi naupiga kidogo tu,
mara moja, nisije nikauchakaza.